Mwenyeji wa Mji wa Kahawia

Nakijwa amekaa kwenye benchi la zahanati, karatasi ya kuridhia upasuaji iko mapajani, bado haijasainiwa, na joto la mchana linamlegeza, kope zinashuka, benchi linarefuka, linakuwa barabara. Barabara ni nyeupe kama chokaa, inauzunguka mji wa kahawia na kurudi ilikoanzia, na anapopita mara ya tatu anautambua: ni lile doa la begani mwake, alilozaliwa nalo, ambalo mwaka huu kingo zake zimechanikachanika na ngozi inayolizunguka imepauka. Daktari alimwambia, weupe huo ni kinga ya mwili wako, imeanza kupigana na doa. Ila hatujui kama inashinda au inachoka, tulikate tulipime. Yeye akajisemea, kama walinzi wapo kazini, kisu cha nini?

Na walinzi hao hapa, sungusungu wenye marungu, nyuso zao laini kama yai, wanapita nyumba kwa nyumba. Hodi. Karibuni, jirani zangu, anajibu mtu ndani, kwa sauti ya Nakijwa mwenyewe. Wewe ni wa wapi? Wa hapahapa, muulizeni mwenye bega. Wote wanamgeukia Nakijwa. Mama, mgeni tunamjua kwa ugeni wake; mwenyeji aliyeharibika tutamjuaje? Unamdhamini? Na yeye, aliyelelewa kutomkana jirani mbele ya sungusungu, anasema, huyo ni wetu, nimekua naye. Eti ni wetu, anacheka mmoja, haya, twendeni tukalale. Marungu yanashuka. Mlango unafungwa, na nyuma yake anasikia watu wawili, kisha wanne, kisha nyumba nzima ikipumua kwa sauti yake, na ukuta unasogea, unaimeza barabara nyeupe. Rudini! Nimekosea! Hakuna anayegeuka.

Mama Nakijwa. Mama. Mbele yake amesimama mtu asiye na uso, macho tu juu ya kitambaa. Ni muuguzi, Sista Eliwaza, au ni yule sungusungu aliyecheka. Unakoroma hivyo, mama, na ganzi hatujakuchoma! Haya, tunalitoa au tunaliacha?

Simdhamini, anasema Nakijwa.

Humdhamini nani tena?

Anasaini, anasimama, anamfuata, na nyayo zake zinaacha chokaa sakafuni, wala hajui kama mlango ule ni wa chumba cha upasuaji, au ni ule wa mjini, na sasa ni zamu yake kubisha hodi.