Watoto Wawili wa Kukaa na Gisubizo

Kwa maneno ya Cansilde, mambo yalikuwa hivi: jirani yake Kayitesi alimtoa binti yake shuleni ili ambebeshe beseni la sambaza, dagaa wa ziwani. Yeye Cansilde, kwa macho yake mwenyewe, alimwona Gisubizo akivuka mpaka kwenda Goma na beseni kichwani, saa ambayo watoto wa watu wako darasani. Kwenye bomba la maji alisema mtoto alikuwa peke yake. Habari ilipofika kwa fundi cherehani, mtoto alikuwa na askari nyuma yake. Jioni akaongezewa mjomba wa Goma, eti ndiye mnunuzi. Kayitesi, ambaye hana kaka Goma wala kwingineko, akaisikia habari yake mwenyewe kwa muuza makaa.

Ni mtu wa kuangalia kwanza. Lakini safari hii alikasirika, kwa sababu ukweli Cansilde aliujua. Binti yake Cansilde alikuwa akikaa dawati moja na Gisubizo.

Gisubizo ana kifafa. Siku ile alianguka katikati ya somo la hesabu. Watoto walikimbilia nje, mwalimu naye akatoka, na kwa kuwa watu wanaamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza, kuna mkono uliovuta mlango ukaufunga kwa nje. Kayitesi alipofika alimkuta mtoto amezinduka, amekaa sakafuni kwenye mkojo wake, anagonga mlango taratibu kama mgeni anayeogopa kusumbua wenyeji. Mkubwa wa shule alimwambia ampeleke nyumbani apumzike. Akampeleka. Hakumrudisha tena.

Basi akaanza kumfundisha mwenyewe, kwa kile alichokuwa nacho. Alikuwa amemaliza shule ya msingi Goma, kwa Kifaransa, enzi familia yao ilipokuwa bado kule. Kila asubuhi, baada ya dawa, alimwaga maharage mkekani, mtoto akayapanga mafungu akijumlisha na kutoa. Gisubizo alishika haraka. Alihesabu septante, nonante, yaani sabini, tisini, akicheka. Ndipo siku moja Kayitesi akamsikia mtoto wa jirani akikariri somo lake barazani, na mikono yake ikafa juu ya maharage. Shule za upande huu wa mpaka zinafundisha kwa Kiingereza. Mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza. Muda wote huo alikuwa anamtayarisha mwanawe kwa mtihani wa nchi nyingine!

Alijikasirikia mpaka machozi. Kisha akafunga kitenge akaenda kutafuta msaada. Sokoni alipata kitabu cha Kiingereza kilichochanika jalada. Kwa simu ya dada yake alipata masomo ya kusikiliza, lakini simu ilikuwa inarudi na mwenyewe. Kwenye ofisi ya elimu aliambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa vilevile. Mwisho mtu akamwelekeza kwa Bi Kaltumu, mwalimu mstaafu aliyerudi kutoka Tanzania, anayekaa karibu na msikiti.

Bi Kaltumu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu, umefanya vema kuanza," akasema. "Nitamfundisha, na sitaki hata senti. Lakini lugha haisemwi na ukuta. Niletee watoto wengine wawili wakae naye, wabishane, wachekeane makosa. Nikimweka peke yake chumbani, nami nitakuwa nimemfungia mlango. Na uwaambie majirani waziwazi. Kwa kujificha sifundishi."

Ndiyo maana Kayitesi alikwenda kwenye jioni ya wazazi, pale wakazi wa mtaa wanapokutana uani kwa mkuu wao, Sebahire, kuzungumza mambo ya nyumba zao. Siku hiyo watoto walipikiwa uji, na mgawaji alikuwa Cansilde. Watoto wote walipewa vikombe. Wa Gisubizo aliumimina kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, akaisukuma pembeni kwa mwiko. Kayitesi aliona.

"Mama Gisubizo," Sebahire akaanza, "banasema mutoto yako hasomi, iko navusha samaki. Ni kweli?"

"Muulize mwenye alimuona."

"Mi nilimuona!" Cansilde akadakia. "Siku ya soko!"

"Siku ya soko tulikuwa hospitali, kuchukua dawa. Na we njo ulitusimamishia moto, pikipiki ya kutupeleka, pale barabarani. Umesahau?"

Uani pakalipuka kicheko. "Yee, Cansilde!" mzee mmoja akapiga kelele. "Uko na macho ya kufika Goma bila jeto ya kuvuka mupaka!"

Sebahire aliinua mkono. "Bon. Donc anasomea wapi?"

"Kwangu."

"We njo mwalimu? Ulifika wapi?"

"Ya sita primaire."

Kicheko kikageuka upande wake. "Profesa!" mwanamke mmoja akaita. Kayitesi aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akasimama.

"Nimecheka na mi pia, siku niliona najifundishia mutoto Kifaransa. Lakini mi sikufungia mutoto wa mutu mulango. Batoto yenu bote balikuwa mule. Kila mutu hapa alijua, na hakuna hata mumoja alikuja kuniuliza: Mama Gisubizo, mutoto ameamuka? Munakuja kuuliza samaki!"

Gisubizo alikuwa ameweka chini chupa yake, akimtazama mama yake.

"Daktari alisema haiambukizi. Mi nalala naye kitanda kimoja, nakula naye sahani moja, muniangalie. Bi Kaltumu amekubali kumufundisha. Bure. Anaomba batoto babili tu ba kukaa naye, na bale babili batafundishwa bure vilevile. Bila bao, hatamuchukua." Akawageukia wazazi wote. "Kwa hiyo naomba. Nani atanipa mutoto wake?"

Mwanamke aliyeita profesa akaanza kumfuta mwanawe pua iliyokuwa safi. Sebahire aliangalia viatu vyake.

"Cansilde," Kayitesi akasema, polepole, "binti yako na Gisubizo bamezoeana. Unipe yeye."

Cansilde alikuwa ameinama juu ya sufuria, anakoroga. Uji ulikuwa umekwisha. Aliendelea kukoroga.