Jumatano za Mama Konokono

Kituo kizima cha utafiti kilimwita Mama Konokono, na mwenyewe hakuchukia. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amefuga konokono wa maji, akichunguza wale wanaobeba vimelea vya kichocho, na alipenda kusema kwamba muda wote huo hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu vibaya. "Siyo kama nyinyi," alituambia sisi vijana, macho yakicheka kabla ya mdomo.

Nilifika pale nikiwa na shahada mbili na woga mwingi. Tulikuwa wanne tulioajiriwa mwaka ule. Wakubwa wengine walitupa kazi, wakafunga milango yao. Yeye alitupa Jumatano. Kila mmoja wetu alikuwa na saa yake katika ofisi yake ndogo, iliyonuka maji ya trei na mchicha ulionyauka, kwa sababu konokono wake walikuwa wakila mchicha kuliko sisi. Saa yangu ilikuwa saa nne asubuhi.

Siku ya kwanza alisogeza makaratasi pembeni, akafungua daftari.

"Miaka kumi kutoka leo unataka uwe nani?"

"Mtafiti mkubwa," nikasema.

"Mkubwa wa kimo?"

Nikacheka kwa aibu. "Nataka niwe na maabara yangu."

"Haya, hapo sasa tunaongea. Mwenye maabara anajua kufanya nini ambacho wewe leo hujui?"

Hakunisaidia. Alisubiri, kalamu mkononi, mpaka nikakubali kwamba siwezi kusimama mbele ya watu. Mikono hunilowa jasho, nawapa watu mgongo nasoma ukutani. Akaandika. Akaniuliza tena, nikakubali kwamba sijui kuandika ombi la utafiti likaeleweka. Akaandika. Kisha akanipa kazi ya wiki: niende getini, nimweleze mlinzi utafiti wangu nikiwa nimesimama, bila karatasi.

Mlinzi yule alikuwa mtu asiyezunguka. "Dada, mwanzo nimekupata. Katikati umenipoteza. Mwishoni nilikuwa naangalia magari."

Nikarudi wiki ya pili, na ya tatu. Wiki ya nne aliniuliza: "Kwa hiyo mnawapa watu dawa, wanapona, halafu wanarudi kuoga maji yaleyale. Hivi kuna aliyewauliza kwa nini wanarudi?" Nilikimbia nikampelekea Mama Konokono swali lile kama nimeokota dhahabu. Akapiga meza kwa kiganja. "Mwanangu, huo ndio utafiti wako! Hayo mengine uliyoandika yatupe."

Ndivyo alivyotulea. Hakuwa na maneno makubwa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa mbovu wa takwimu alimkalisha na kitabu cha hesabu za shule mpaka aibu ikamtoka. Mwingine aliyekuwa mkali kwa wasaidizi alimwamuru aoshe trei mwezi mzima. Mimi, mwaka wa pili, nilisimama mbele ya watu mia mbili kwenye kongamano, nikaongea dakika ishirini, na sauti haikutikisika. Yeye alikuwa kiti cha mbele, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Katika daftari langu, mwaka wa tatu ulikuwa umeandikiwa jambo moja tu: shahada ya uzamivu. Yeye ndiye aliyetafuta chuo, kimoja cha mbali chenye maabara nzuri ya konokono, ambacho huchukua wanafunzi kila baada ya miaka miwili. Nilijaza fomu, nikaandika ombi mara tisa. Zilihitajika barua mbili za wadhamini. Ya pili ingetoka kwa mkurugenzi. Ya kwanza, iliyokuwa na uzito, ingetoka kwake.

Dalili zilikuwepo, nikiangalia nyuma. Aliniuliza habari za baba yangu, nikamjibu, na kabla chai haijapoa akaniuliza tena. Vichupa vya sampuli vilipatikana vimeandikwa tarehe za mwaka uliopita, na fundi wa maabara, mwanamume mtaratibu aliyefanya naye kazi tangu zamani, akadai kosa ni lake. Jumatano moja nilimkuta anafungua droo moja baada ya nyingine akitafuta daftari langu, na daftari liko kwapani mwake. Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi.

Kuhusu barua nilimuuliza mara mbili.

"Nimeshaituma, mwanangu. Acha pupa."

Jibu la chuo lilikuja Jumatatu asubuhi, tukiwa kwenye kikao cha idara. Nilifungua simu chini ya meza. Walisema ombi langu halikujadiliwa kwa sababu barua ya mdhamini wa kwanza haikupokelewa, na nafasi zimejaa.

Sikungoja kikao kiishe. Nilisimama.

"Mama, hukutuma barua."

Aligeuka. "Barua gani?"

"Barua gani? Barua yangu!"

"Nilituma."

Nikampelekea simu pale alipokaa. Akavaa miwani, akasoma polepole, mdomo ukitembea. "Labda mtandao..." alianza.

"Siyo mtandao. Miaka mitatu unatuambia tupange maisha yetu. Umenipangia miaka kumi, na wewe mwenyewe barua ya ukurasa mmoja imekushinda. Kama kazi imekuchosha si useme, uwapishe wenye nguvu?"

Kulikuwa na watu kumi na wanne chumbani. Nilisema yote hayo nimesimama wima, nawatazama usoni, na mikono yangu ilikuwa mikavu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuongea vile.

Alivua miwani. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Akakusanya kalamu zake, akainuka, akatoka. Mkoba wake ulibaki kwenye kiti. Hakuna aliyemfuata, na mimi nilikuwa wa karibu zaidi na mlango.

Mchana fundi aliniita kwenye chumba cha konokono. Nilidhani atanigombeza. Alivuta droo ya chini, akanionyesha lundo la vibandiko vya vichupa vilivyobanduliwa, kila kimoja kwa mwandiko wa Mama, kila kimoja kikiwa na kosa.

"Mwaka wa pili huu napita nyuma yake nabandika vipya," alisema.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Nilikuja hapa kufagia. Yeye ndiye aliyenikalisha kwenye darubini. Niende kwa mkurugenzi nikamwambie huyu mama akili yake inamtoka?" Akafuta mikono kwenye koti lake jeupe. "Njoo uone."

Alinipeleka kwenye kompyuta ya Mama. Nywila ilikuwa imebandikwa juu ya kioo. Barua yangu ilikuwepo. Zilikuwepo kumi na moja. Alikuwa akiandika, anasahau kwamba ameandika, kesho yake anaanza upya. Zote zilianza na maneno yaleyale: "Mtafiti huyu nilimpokea akiongea na ukuta. Leo anaongea na watu, na watu wanamsikiliza." Baadhi ziliishia hapo. Mbili zilikuwa zimekamilika kabisa, nzuri kuliko ninavyostahili. Hakuna iliyotumwa.

Kesho yake hakuja kazini. Jumatano, saa nne, nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake uliofungwa mpaka saa tano. Wiki iliyofuata mkurugenzi alitangaza kwamba yuko kwenye likizo ya ugonjwa, na sote tukatazama meza. Mwisho wa mwezi mume wake, mpima ardhi mstaafu, alikuja na maboksi kuchukua vitabu vyake. Nilimwona kupitia dirisha. Nilijifungia stoo, nikasimama katikati ya magaloni matupu mpaka niliposikia gari linaondoka.

Nilijiambia nitakwenda kwake mwisho wa wiki. Kisha ikaja mvua, na mvua ndiyo msimu wetu wa kukusanya sampuli. Kisha ripoti. Ukweli ni kwamba sikujua nitaingiaje ndani ya nyumba ile na uso huu. Ilipita miezi mitano.

Nilikwenda Jumamosi alasiri. Mzee mwenyewe, mume wake, ndiye aliyefungua mlango. Nikamsalimu kwa adabu zote, nikataja kazi yangu, akanitazama kwa muda.

"Ndiwe wewe," alisema. "Pita, binti yangu."

Ndani ya nyumba kila kitu kilikuwa kimebandikwa karatasi yenye herufi kubwa zilizonyooka, herufi za mtu aliyechora ramani maisha yake yote: SUKARI. TAA. CHOO, na mshale. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha, anachambua maharage. Alikuwa amepungua, lakini nywele zimesukwa vizuri. Alinikaribisha kama mwenye nyumba anavyomkaribisha mgeni.

"Karibu sana. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilikaa kwenye kigoda karibu na magoti yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

"Kwani umenikosea nini?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu. Nilimwambia habari za barua, za kikao, na maneno niliyoyasema mbele ya watu. Alinisikiliza kwa makini, mikono imetulia kwenye ungo, kama mtu anayesikiliza habari za jirani wa mtaa mwingine.

"Maskini," alisema nilipomaliza. "Na huyo mama alifanyaje?"

"Alitoka nje."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Nawe hukumfuata?"

"Sikumfuata."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na vumbi la maharage. "Mfuate basi. Usikae. Mtu mzima akisemwa mbele za watu hujifanya hajaumia. Nenda kamwambie kama ulivyoniambia mimi, atakusamehe tu. Umeongea vizuri sana."

Mzee alinisindikiza mpaka getini. Nilikuwa nalia waziwazi. Hakujaribu kuninyamazisha. Alisimama na mimi mpaka nilipopata pumzi.

"Alijua nilichosema?" nikauliza. "Alifika nacho nyumbani?"

Alifikiri kama anayepima iwapo anipe au asinipe. "Alijua. Mengine yalimtoka upesi, hilo lilikaa. Miezi mitatu hivi. Akisikia geti anainuka, anauliza, 'Ni yule binti yangu?' Alikuwa na jambo la kukuambia."

"Jambo gani?"

"Nilimuuliza. Akasema ni la kwenu wawili." Akashika komeo la geti, akaliachia. "Halafu siku moja geti lililia, hakuinuka. Nikajua hilo nalo limemtoka."

Hakusema kwamba nilipaswa kuja mapema. Ningependa angesema.

Nilirudi mara nyingi baada ya hapo. Kila mara alinipokea upya. Msamaha sikuomba tena, maana kila nilipoomba alimhurumia yule mama asiyemjua na kushinda na huzuni. Badala yake nilimpelekea konokono wachache kwenye chupa ya jamu. Aliwatazama wakipanda kioo, akaniuliza wanakula nini, nikamfundisha.

Baada ya miaka miwili nilipata nafasi ileile, kwa barua za watu wengine. Alifariki nikiwa huko, mwaka wa pili wa masomo. Fundi ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia ameondoka asubuhi, kwa utulivu; baada ya mazishi akanipigia tena, akasema yeye pamoja na mlinzi walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mimi sikuwahi kufika.

Nilipomaliza tasnifu, ukurasa wa shukrani ulinichukua siku tatu. Niliandika mengi juu yake, nikafuta. Mwishowe yakabaki maneno machache: kwamba alinifundisha kazi hii, na kwamba nilimkosea. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja, mzee mpole, alifungua ukurasa ule, akausogeza kwangu.

"Sehemu ya kwanza nimeielewa," alisema. "Hii ya pili si kawaida kuandikwa hapa. Unaweza kuiondoa kabla haijachapwa."

"Naomba ibaki," nikasema.

Akanitazama kidogo, akafungua ukurasa uliofuata, akaniuliza swali la kwanza kuhusu konokono.