Mashine ya Mapadre

Mashine ya kwanza ya kufulia ilikuwa imewazidi umri watoto wote wa Marcelline. Mapadre wa Kibelgiji walimwachia walipofunga nyumba yao; ilikuwa nzito ajabu, yenye swichi moja tu ya kuzungusha. Nyuma ya swichi hiyo kimota kidogo kilisukuma gurudumu la meno, tak, tak, na kila jino liliamuru kazi yake: ingiza maji, zungusha, mwaga, kamua. Umeme ukikatika, gurudumu lilisimama palepale. Ukirudi, liliendelea lilipoachia. Kwa Bukavu, ungetaka mashine gani tena?

Na Marcelline aliihitaji kwelikweli. Mumewe Apollinaire, mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa amepooza upande mmoja na hawezi tena kusema, na kila asubuhi mashuka yake yalikuwa yamelowa. Vidole vya Marcelline vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Kutafuta mfuaji? Hapana. Kwao mashuka ya mume mgonjwa hufuliwa na mkewe, hayapewi mtoto wa watu. Shemeji yake Constantin alishasema waziwazi: "Ukishindwa, maman Aimée, tumupeleke kwa masista kule Walungu. Kwao hiyo iko kazi ya Mungu." Marcelline aliapa hatashindwa.

Basi binti yao Aimée, kwa upendo wake, akatuma kutoka Brussels mashine nyingine, ya mtumba lakini ya kubonyeza, yenye taa. Nyumba haikuwa na nafasi ya mbili. Marcelline, na elimu yake yote, akafikiri kama wengi wetu kwamba chenye taa ndicho bora. Ile ya mapadre akampa fundi Emile wa Kadutu, bure.

Mpya ilikuwa na kadi ya elektroniki badala ya gurudumu, na kadi ile haikuwa na subira. Umeme ukikatika ilisahau kila kitu, ikaanza upya, ikadai maji mengine, na maji yenyewe ni ya kubahatisha. Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo. Taa ziliwaka zote pamoja, zikazimika. Mlango ukabaki umejifunga, mashuka ndani ya maji.

Emile alikuja, akaufungua kwa bisibisi, akanusa. "Carte imeungua, maman. Hapa Bukavu hatuwezi kuipata."

"Basi unirudishie ile ya zamani."

Emile akatazama chini. "Nilishaifungua, maman. Tambour, ile pipa ya ndani, nilitengeneza nayo mbabula ya makaa, iko inachoma nyama ku soko. Moteur iko inasaga pilipili."

"Na programmateur, lile gurudumu la meno?"

"Ile nilifungua nione ndani. Ressort, zile springi ndogo, zikaruka. Sikuweza tena kuzirudisha."

Hasira ilimpanda Marcelline, lakini amkasirikie nani? Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa.

Akafua kwa mikono mpaka vidole vikakataa kukamua. Mvua nayo haikumwonea huruma, mashuka yakashinda kambani mabichi. Apollinaire akatoka vidonda mgongoni. Marcelline alipoviona alilia kwa sauti, kisha akampigia Constantin.

Gari lilikuja asubuhi. Apollinaire aliposikia wanataja Walungu, alikozaliwa, uso wake ukang'aa. Hakuwahi kucheka hivyo tangu augue. Alidhani wanakwenda nyumbani. Walipomkalisha kiti cha nyuma, alijivuta kwa ule mkono mmoja mzima, kwa taabu, mpaka akaegemea upande wa pili, akamwachia mkewe nafasi ya kukaa.

Marcelline akafunga mlango wa gari kutoka nje.