Wa Kumi na Sita

Mama yangu tulimzika watu kumi na watano. Nasema kwa hakika kwa sababu kuhesabu watu mazishini ni kazi niliyoifanya kwa mwaka mzima, na niliifanya vizuri isipokuwa mara moja.

Nilikuwa nimekodi hema mbili na viti mia mbili. Wambeti, mke wangu, aliinjika githeri ya mahindi na maharagwe tangu asubuhi ya siku iliyotangulia kwenye zile sufuria kubwa za kanisa, akingoja kina mama waje kupasua kuni, kuchota maji na kumenya viazi, kama wanavyofanya kwenye kila matanga hapa kwetu chini ya Siakago. Hawakuja. Kila nilipopita jikoni aliniuliza kama nimesikia sauti langoni. Mpaka saa kumi alikuwa ameacha kuuliza, na mikono yake ilikuwa imetoka malengelenge ya shoka.

Tusidanganyane, nilijua. Nilikuwa naibu wa chifu wa kata hii ndogo kwa miaka kumi na minane kabla ya kustaafu mwaka jana, na mtu aliyekaa ofisini muda huo anajua tofauti ya watu wakinuna na wakipanga. Hawa walikuwa wamepanga.

Siku hizi watu wa hapa wanasema corona ilikuwa maneno ya redioni. Ujinga wao haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba hawawezi kunionyesha kuwa nilikosea, na mimi siwezi kuwaonyesha kuwa nilipatia. Nilifunga soko la mbuzi. Nilifunga hoteli ya chai pale njia panda, na mwenyewe hakuifungua tena; sasa wanalala popo. Shule zilipofunguliwa, wasichana sita wa darasa la nane hawakurudi, na wote sita nilikutana nao baadaye wamebeba watoto mgongoni. Haya yote niliyaona, sikuwa kipofu. Lakini katika kata yangu ndogo hakufa mtu hata mmoja wa corona. Hata mmoja. Sasa nani atakushukuru kwa maiti ambazo hazikutokea?

Mwenzangu Thuranira, tuliyesoma naye kozi ya utawala, alikuwa naibu wa chifu huko upande wa Igembe. Yeye alifumba macho. Watu wake walienda mazishini mamia kwa mamia, wakaimba, wakakumbatiana, na katika mwezi mmoja akazika watu wanane waliokufa wakihangaika kupumua, baba yake mzazi akiwa mmoja wao. Mama yake alipofariki mwaka juzi nilienda. Watu walijaa uwanja mzima mpaka shambani kwa jirani, wakakanyaga mahindi, na jirani hakusema neno. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimekasirika, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Sasa niseme habari ya Ndambiri.

Ndambiri alikuwa mchuuzi wa mbuzi na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila soko aliuza mbuzi mmoja au wawili akanunua dawa, na maisha yakaenda hivyo miaka mingi. Nilipofunga soko alikuja kwangu mara mbili. Mara ya kwanza alikuja na kofia mkononi.

"Chifu, niachie niuze wawili tu," aliniambia. "Hata si sokoni. Hapo kwa barabara. Mnunuzi atakuja na pikipiki kutoka Kiritiri."

"Nikikuachia wewe, nitamkataza nani?"

Mara ya pili hakuvua kofia, na jibu langu lilikuwa lile lile. Mama yangu, Ciakuthii, alikuwa ameketi mlangoni akipepeta pojo, akasikia. Alipoondoka Ndambiri, mama aliniuliza kama mbuzi nao wanaambukiza. Nilimwambia asiingilie kazi ya serikali.

Ndambiri alikufa Julai, mbuzi wamejaa zizini mpaka wanakanyagana.

Sheria ya mazishi ilikuwa watu kumi na watano, na yaishe kabla ya saa tatu asubuhi. Nilisimama langoni kwa Ndambiri na daftari, barakoa usoni, nikahesabu. Mchungaji mmoja. Wachimba kaburi wanne. Kumi wa familia. Jumla kumi na watano. Mimi sikujihesabu kwa kuwa nilikuwa kazini. Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje Susan alipofika.

Susan ni kitinda mimba wa Ndambiri, fundi wa cherehani mjini Embu. Magari yalikuwa yakibeba nusu ya abiria kwa nauli ya watu wawili, na njia yote alikuwa amekuja kwa vipande vipande, kipande cha mwisho kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alivaa barakoa aliyojishonea mwenyewe kwa kitambaa cheusi.

"Wewe ni wa kumi na sita," nilimwambia.

"Chifu, ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Idadi imetimia."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi, maana mtu wa kelele nimezoea kumtuliza. Alizunguka ua wa minyaa mpaka pale penye mwanya, karibu na kaburi, akasimama nje akitazama. Mama yangu, ambaye nilikuwa nimemkataza kabisa kutoka nyumbani, alitokea sijui wapi akaenda akasimama naye, akamshika mkono. Nilimpigia mama kelele mbele ya watu kwamba aachane na huyo msichana, asimame mbali naye mita moja na nusu. Mama hakunigeuzia hata shingo.

Ndugu zake walipoanza kutupa udongo kaburini, Susan aliinama akachota udongo wa upande wake, akapitisha mkono kwenye mwanya.

"Basi nitilie huu," aliniomba.

"Hatupokezani vitu," nilimjibu. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyosema. Alibaki ameshika ule udongo mpaka kaburi likajaa.

Wiki tatu baadaye tulikuwa na mkutano wa machifu na manaibu Siakago. Nilieleza, nikijisifu kidogo, jinsi ninavyohesabu, mchungaji, wachimbaji, familia. Mkubwa wetu alivua miwani.

"Wachimbaji unawahesabu kwa nini? Hao wako kazini kama wewe. Nani alikuambia uwahesabu?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Watu wakacheka, tukaendelea na mambo ya sabuni na madumu ya maji. Mimi sikusikia tena neno. Kulikuwa na nafasi nne. Susan angeingia, na bado zingebaki tatu.

Nilimweleza mama jioni hiyo, yeye peke yake. Aliniambia niende nikamwambie Susan. Nikasema nitaenda. Kesho yake aliniuliza, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, halafu akaacha kuniuliza. Nilijiambia kwamba afisa akianza kuomba radhi kwa kila kosa, hakuna atakayemtii siku ya hatari. Nilijiambia pia kwamba Susan ameshasahau. Miaka minne nilijiambia mambo mengi.

Ndiyo maana asubuhi ya kumzika mama, nilipomwona mzee wa kijiji Runji anaingia langoni na vijana wanne wenye majembe, nilifurahi kama mjinga. Nilidhani wengine wako nyuma. Nilitoka kuwalaki. Barabara ilikuwa tupu, na kule ng'ambo niliona majirani wamesimama kila mtu kwenye lango lake, wamevaa nguo za kanisani.

"Pole sana, chifu," Runji alisema. "Mama alikuwa mtu wa watu."

"Watu wenyewe wako wapi?"

Runji ni mtu mpole. Nilifanya naye kazi miaka yote ile, na ni yeye aliyekuwa akinishikia daftari. Alianza kuhesabu kwa vidole, taratibu.

"Wewe na mama watoto, wawili. Watoto wenu watatu, watano. Dada zako wawili na mabwana zao, tisa. Mchungaji, kumi. Hawa vijana wa kuchimba ni wanne. Si wewe ulisema wachimbaji huhesabiwa? Kumi na nne. Na mimi najihesabu. Kumi na tano."

"Runji, hiyo sheria iliisha."

"Kwako iliisha," alisema. "Sisi hatukuambiwa imeishia wapi. Walinituma niulize, kama ile siku kwa Ndambiri ilikuwa sawa, basi hata hii ni sawa. Na kama haikuwa sawa, useme, watu waingie. Wako tayari. Si unawaona?"

Niliwaona. Ningesema neno moja tu pale langoni, viti mia mbili vingejaa, na mama yangu angezikwa kama mtu. Dada zangu walikuwa wakinitazama. Wambeti alikuwa amesimama na mwiko. Na mimi nikafikiria miaka kumi na minane, nikafikiria Thuranira na watu wake wanane, nikapandwa na hasira kwamba watu niliowalinda ndio wananiwekea masharti kwenye maiti ya mama yangu. Nikamwambia Runji aanze kuchimba.

Mchungaji alihubiria viti vitupu. Tuliimba, na sauti kumi na tano kwenye uwanja mpana ni kitu cha aibu, kila mmoja anasikika anapokosea. Jeneza liliposhushwa nikainua macho, na nje ya ua wetu wa minyaa nikamwona Susan. Alikuwa amekuja kutoka Embu. Ni yeye peke yake aliyefika mpaka hapa, na hakuwa ameingia.

Niliacha kaburi nikamwendea.

"Ingia, Susan. Tafadhali. Mama angependa."

"Mimi ni wa kumi na sita," alisema. Hakusema kwa ukali.

Hapo ndipo yaliponitoka, yote, mbele ya dada zangu na mchungaji na Runji. Nilimwambia nilikosea hesabu. Nilimwambia wachimbaji hawakupaswa kuhesabiwa, kwamba nafasi zilikuwepo nne, kwamba nilijua wiki tatu baadaye, kwamba niliogopa. Sauti yangu ilikatika mara mbili.

Susan alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Mama yako alinipigia simu siku ile ile ulipomwambia. Alilia kuliko wewe. Aliniambia utakuja mwenyewe, nikupe muda." Alitazama viti, safu kwa safu. "Nimekupa miaka minne, chifu. Umengoja mpaka ukakosa watu."

Alisema kweli. Nilipomwona tu, moyoni nilikuwa nimeshaona majirani wakimfuata kuingia.

Aliinama, akachota udongo wa upande wake. Nilipitisha mkono kwenye mwanya wa ua ili nimpokee. Minyaa ilinikwaruza na utomvu wake ukaanza kuniwasha, lakini sikuurudisha mkono. Nilitaka kuupeleka udongo ule mwenyewe, nimtilie mama, nimwambie ni wa nani.

Susan aliutazama mkono wangu.

"Hatupokezani vitu," alisema.

Aliumwaga udongo pale pale nje ya ua, kama vile yeye na mama yangu walivyobaki nje siku ile kwa Ndambiri, wameshikana mikono. Alisema kitu kwa Kimbeere, lugha yetu, kwa sauti ya chini, na hakikuwa cha kuniambia mimi. Kisha akapangusa viganja kwa leso na kuondoka kwa miguu, na kule ng'ambo majirani wakaanza kuingia majumbani mwao, mmoja mmoja, wakifunga malango.