Mifupa ya Ndama

Mama mkwe wangu alipepeta majivu ya nyumba yetu kwa ungo uleule tuliopepetea maharage. Alichuchumaa, akachota, akatikisa, akapuliza, na kila alichokipata akakiweka juu ya kitenge. Hakulia. Mimi nilikaa pembeni na wanawake wa kanisa, wameshaanza kuniita mjane, nimechoka hata kupangusa uso.

Hiyo ilikuwa Rubondo, kambi yetu ya wakimbizi karibu na Mbarara, kiangazi cha 2009. Moto ulianzia jikoni kwa jirani, upepo ukauleta kwenye nyasi za paa letu nikiwa kwenye foleni ya maji. Nilikuwa nimemwacha mume wangu, Ntwari, amelala ndani, na ndama amefungwa karibu na mlango, maana kwetu sisi watu wa ng'ombe ndama mchanga hulala na wenye nyumba. Niliporudi, nyumba haikuwepo. Mchungaji Nehemiya alisema moto umemmaliza Ntwari kabisa, hakuna cha kuzika, tuombe tu.

Kantengwa, mama mkwe, akanyanyua utaya mdogo mweupe, meno bado yamo.

"Huyu ni ndama," alisema. "Amezaliwa juzi tu, na moto umeacha meno yake. Sasa mutoto wangu, mutu muzima, ameisha namna gani?"

"Mama, tumuache apumzike."

"Apumzike wapi? Humu hayuko."

Hakutulia mpaka tukaenda Mbarara, kwa daktari anayepimia polisi maiti. Yule bwana alikitazama kitenge kwa upole, akasukuma vipande kwa kidole.

"Mama, moto ya nyumba haimalizi mtu," alisema. "Inakula nyama, inapasua mifupa, lakini vipande vinabaki. Meno pia. Kama mmechunga majivu yote, huyo bwana hakufia pale."

Njiani kurudi Kantengwa aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Mimi ndipo nikalia. Ntwari alisema mara nyingi kwamba akipata njia ataondoka, nami nikamjibu, basi nenda. Alitoka kabla ya moto au ukiwaka, sijui. Najua tu hakumfungua hata ndama. Mama amepata mwana aliye hai, mimi nimepata mume aliyenikimbia. Nasema wazi, siku ile nilitamani tungemkuta kwenye ungo.

Tukajenga tena, tukalima. Kila jioni Kantengwa alimwekea mwanawe chakula kidogo kwenye sahani ya bati, na asubuhi mimi nikakila kabla ya kwenda shamba. Habari za Ntwari hazikuja.

Kantengwa alifariki mwaka 2015. Kabla ya mazishi Nehemiya alinivuta kando, karatasi ya wasifu wa marehemu mkononi.

"Ntwari nimutaje na bale balitangulia?"

Nilikuwa nimechoka sana. Ningeitikia tu, ningelala mjane usiku ule, mambo yakaisha.

"Hapana, Mchungaji," nikasema. "Umutaje na bale balibaki."