Santuri za Dirisha la Magharibi

Pramuji alileta santuri zake zote kwa dada yake Wuryani siku tatu kabla ya safari yake ya Hija, amtunzie mpaka arudi. Hakuna mtu mjini Solo aliyetunza santuri kama Wuryani. Zake zilisimama wima katika kabati lenye kivuli, zimeshikana bila kubanwa, na kila rafu ilikuwa na kikopo cha makaa cha kunyonya unyevu.

Wuryani alimwacha ashushe makatoni yote, kisha akamwonyesha dirisha la magharibi.

"Zipange hapo. Zilaze, moja juu ya nyingine."

Pramuji alicheka. "We Wuryani, hapo jua la alasiri linapiga. Zitapinda zote."

"Kumbe unajua, kaka."

Kicheko kilikatika. Miaka mitano iliyopita Pramuji aliazima kutoka kwa Wuryani santuri ya pekee yenye sauti ya marehemu mama yao, mwimbaji wa gamelani, muziki wa jadi wa kwao. Aliirudisha imepinda kama sahani ya supu. Alisingizia joto la gari, kisha akauliza ni nani anayelilia plastiki.

"Nimekuja kuomba radhi, kama ilivyo ada ya anayekwenda Hija," alisema sasa. "Nisamehe makosa yangu yote, niliyoyajua na nisiyoyajua."

"Yote ni mengi. Taja moja."

"Mdogo wangu, usinichokonoe. Nimesubiri zamu ya Hija miaka ishirini na miwili."

"Na mimi nasubiri mama aimbe. Taja."

Pramuji aliinamisha macho. "Si gari. Niliilaza dirishani kwangu wiki nzima, nikaibebesha marundo ya magazeti. Nilisahau."

"Ulisahau, au hukujali?"

"Sikujali."

Wuryani alitikisa kichwa kukubali. "Basi chagua. Nenda Makka na radhi yangu, santuri zibaki dirishani mpaka urudi. Au zichukue sasa hivi, uende bila radhi."

"Siku arubaini? Una roho ya jiwe wewe."

"Ninayo. Nimeitunza vizuri."

Pramuji aliyasukuma makatoni hadi dirishani. Kisha alipiga magoti, akafungua katoni la kwanza, akaanza kuzilaza moja moja, jasho likimdondoka juu ya majalada. Alipomaliza, dada yake alimpa mkono.

"Nimekusamehe, kaka. Kwa moyo wote."

Alimaanisha. Kisha alilivuta pazia kando mpaka mwisho, akaliacha jua liingie.