Vidole vya Warigia

Mwaka wa 2009 Bwana Mwai alikuwa na ofisi tatu za kuuza mbolea, Nyeri, Karatina na Kenol, na sekretari mmoja tu, Warigia, aliyekaa Nyeri. Alikuwa pia na laptopu mpya iliyojiunga na vifaa vingine bila waya. Kila alipoifungua ilitafuta vilivyo karibu: printa, kipanya, simu. Asubuhi moja Warigia akimmiminia chai, skrini iliandika: "Warigia amepatikana. Aunganishwe?" Mwai akabonyeza ndiyo, akanywa chai yake.

Tangu hapo Mwai alisema tu maneno mbele ya laptopu huko Kenol, na vidole vya Warigia vikayachapa popote alipokuwa: juu ya meza, kwenye unga wa chapati, mgongoni mwa mtoto wake akimwogesha. Kanisani walimwekea leso achapie juu yake, maana benchi lilipiga kelele.

Fundi wa kompyuta, Mugendi, aliitwa.

"Hii ni rahisi, mzee. Unaiambia imsahau tu. Unabonyeza hapa."

"Ikimsahau, huko Kenol nitaandikiwa na nani? Niandike wengine wawili? Wacha hivyo."

Mugendi akawacha hivyo. Mwai alikuwa bahili wa kupindukia, na kila mtu mjini alimwita mchapakazi.

Mama yake Warigia alipofariki, Warigia aliomba kitu kimoja.

"Mzee, Ijumaa tunazika mama huko Othaya. Hiyo saa ya kutupa mchanga, tafadhali usifungue hiyo kitu. Nataka kumtupia na mkono yangu."

"Ati hiyo nayo ni ya kuomba? Siwezi fungua. Pole sana."

Ijumaa jeneza likashushwa, na pasta akawaita watoto wa marehemu. Warigia aliinama, akateka mchanga, akanyoosha mkono. Vidole vikaachia, vikaanza kuchapa hewani. Mchanga wote ukamwagikia viatu vyake.

Dada yake, Kagure, alimkamata mkono, lakini vidole havikutulia.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Anasema nini?"

Warigia alijua kila herufi iliyopita vidoleni. "Anatuma rambirambi. Ati kampuni inaomboleza pamoja na familia ya mfanyakazi wake mpendwa."

Ilipofika mahali pa kumtaja marehemu, Mwai hakujua anaitwa nani. "Weka jina hapo," akasema kule Karatina, na vidole vya Warigia vikaweka: Watiri.

Warigia alilia kwa hasira. Hakuweza hata kujifuta machozi. Kagure ndiye aliyemfuta. Barua ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa inakuja, kwa hiyo wanaume wakachukua sepetu, wakafukia.

Jumatatu Mwai alimpa Warigia mkono wa pole. Akaisifu ile barua, kwamba haikuwa na kosa hata moja. Kisha akaondoka kwenda Kenol na laptopu yake, na Warigia akaketi, akaweka mikono juu ya meza, akangoja.